Kata Moja ya Maji, Rekodi Tele

Chundwa, kisiwani Pate, hakuna mto. Maji ni ya kisima au ya jabia lililokinga mvua. Chota kata moja uiweke mbele ya wanaopima maji kwa mwanga, fani iitwayo spektroskopia, kisha hesabu ubingwa uliomo!

1. Foleni fupi kuliko zote
Molekuli ya maji ina upana wa nanomita 0.28 hivi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 Lamu nzima. Kila mmoja awe molekuli, wapange mstari: hawavuki unene wa unywele. Kenya yote, watu milioni 47.6, inaishia sentimita 1.3, upana wa kidole.

2. Urafiki mfupi kuliko wote
Molekuli hushikana kwa vifungo vya haidrojeni, vinavyokatika na kuungwa upya kwa takriban pikosekunde moja, sehemu ndogo mno ya sekunde. Ivute pikosekunde iwe sekunde nzima: kupepesa jicho kwa sehemu ya kumi ya sekunde kutachukua zaidi ya miaka 3,100. Msikiti wa kale wa Shanga, jirani hapo hapo Pate, ni wa karne ya 8. Haujafika hata nusu. Na ndani ya pikosekunde hiyo moja, oksijeni na haidrojeni yake hutikisika mara 100. Mpiga ngoma gani atajaribu?

3. Upendeleo mkubwa kuliko wote
Katika maji safi kabisa, mwanga wa buluu husafiri kama mita 150 kabla ya kupungua nusu: uwanja wa mpira na nusu yake. Mwanga wa infraredi wa mikromita 3? Mikromita moja tu, na sehemu kubwa imeshamezwa. Ndiyo maana wapimaji huyabana maji yawe utando mwembamba kuliko unywele.

4. Safari ya meli yenye faida kuliko zote
Hii naitoa kwa C. V. Raman wa India. Mwaka 1921, ndani ya meli Narkunda, buluu ya Mediterania ilimkosesha utulivu. Mwaka 1928 akagundua mtawanyiko wa mwanga unaobeba jina lake, na 1930 akapata Nobeli. Maji hupimwa kwa njia hiyo hadi leo.

5. Ubishi mrefu kuliko wote
Mwanafizikia Röntgen alidai mwaka 1892 kuwa maji ni mchanganyiko wa maumbo mawili. Mwaka 2004, vipimo vya eksirei vilivyochapishwa katika jarida la Science vikadai molekuli nyingi zina vifungo viwili tu vya nguvu, si karibu vinne. Wengine wakakataa katakata. Miaka 130 na ushei, baraza halijavunjika.