Tiba ya Kinga kwa Saratani ya Pua na Koo: Anachofaa Kujua Mkazi

Kibokoni, kama kwingineko Mji wa Kale, pua ikiziba watu husema ni vumbi au mafua. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini pua inayoziba upande mmoja, makamasi yenye damu, sikio moja lisilosikia vyema, sauti iliyokauka au uvimbe shingoni usiouma, zikidumu zaidi ya wiki tatu, zinahitaji uchunguzi. Huenda ni saratani ya koo, au ya sehemu iliyo nyuma ya pua.

Chanzo

Saratani ya nyuma ya pua huhusishwa na virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa mwaka 1964 katika uvimbe wa mgonjwa kutoka Uganda. Watu wengi wanavyo virusi hivyo bila kuugua. Saratani ya koo na mdomo huchochewa na tumbaku, pombe na tambuu yenye popoo.

Tiba ya kinga ni nini?

Matibabu ya msingi bado ni miale, mara nyingi pamoja na kemotherapi. Tiba ya kinga hutumiwa hasa saratani inaporudi au kusambaa.

Chembe za kinga mwilini zina breki iitwayo PD-1, inayozizuia kuushambulia mwili wenyewe. Saratani huikanyaga breki hiyo ili isiguswe. Dawa kama pembrolizumab na toripalimab huiondolea saratani nafasi hiyo, na kinga ikarudi kazini. Hutiwa mshipani kwa dripu, kwa kawaida kila wiki tatu. Tasuku Honjo wa Japani, aliyeigundua PD-1, alikuwa mmoja wa washindi wawili wa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2018.

Tahadhari

Dawa hizi ni ghali na hazimfai kila mgonjwa. Kinga iliyoachiliwa huweza kudhuru mapafu, ini au utumbo. Anayeharisha, kutokwa na upele au kupumua kwa shida amwarifu daktari mara moja, hata kama alimaliza dawa miezi iliyopita.

Pa kuanzia

Mkazi aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, apewe rufaa hadi Hospitali Kuu ya Pwani ikihitajika. Aulize mapema bima ya SHA inagharamia nini. Saratani ya nyuma ya pua ikigunduliwa ingali changa, miale pekee yaweza kuiponya, na dawa hizi ghali zisihitajike kamwe.