Kutoka Gatuanyaga hadi Kampala: pesa ya mwanafunzi ivuke mpaka bila kupotea

Barua imefika. Mtoto wa Gatuanyaga amepata nafasi Makerere, chuo kilichoanza mwaka wa 1922 na ambacho Wakenya wengi wamepitia. Majirani wamechanga, sanduku limefungwa, tiketi ya basi ya kupitia Busia iko tayari. Halafu mama anauliza swali ambalo halimo kwenye barua: "Sasa pesa ya matumizi nitakuwa nakutumia aje?"

Swali hilo ni la maana. Pesa ikipotea ukiwa Thika, unapanda matatu unarudi nyumbani kula. Ikipotea ukiwa Kampala, unalala njaa na kodi ya hosteli inakungoja. Haya hapa mambo manne ya kupanga kabla ya basi kuondoka.

1. Namba za Uganda zinafanana na zetu

Hili ndilo kosa linaloumiza zaidi, na ni rahisi sana kulifanya. Namba ya simu ya Uganda ina tarakimu kumi na huanza na 07, vile vile kama ya Kenya. Mama akiingia sehemu ya kawaida ya kutuma pesa, aandike 077 na zile zingine, simu haitajua anamaanisha Uganda. Pesa inaweza kumwendea Mkenya asiyemjua, labda yuko Kisii au Malindi.

Kwa hivyo:

- Ingia sehemu ya kutuma pesa nje ya nchi, si ile ya kila siku.
- Chagua Uganda, kisha uandike namba ikianza na 256. Ile sifuri ya mwanzo iondoe.
- Jina likitokea, lisome lote kabla ya kuweka namba ya siri. Kama si la mtoto wako, simama hapo hapo.
- Mara ya kwanza tuma kiasi kidogo. Akithibitisha imeingia, tuma iliyobaki.

Umeshakosea? Piga simu huduma kwa wateja saa hiyo hiyo, ukiwa na ule ujumbe wa kuthibitisha. Usingoje kesho. Mpokeaji akishatoa pesa, kuirudisha ni kazi ngumu.

2. Usiangalie ada peke yake, angalia kinachofika

Watu wengi huuliza, "Kutuma ni ngapi?" Ni swali zuri, lakini ni nusu tu. Nusu ya pili ni reti, yaani shilingi moja ya Kenya inabadilishwa kwa shilingi ngapi za Uganda.

Tuseme mama ana Sh10,000 na njia mbili za kutuma:

- Njia ya kwanza inakata ada ya Sh100, reti ni 28. Zinabaki Sh9,900, na mtoto anapata shilingi 277,200 za Uganda.
- Njia ya pili inasema "kutuma ni bure", lakini reti ni 27. Mtoto anapata 270,000.

Ile ya "bure" imekula shilingi 7,200 za Uganda. Ukituma hivyo kila mwezi kwa miezi tisa, ni 64,800. Hizo ni rolex nyingi (usicheke, huko rolex ni chapati iliyokunjwa na mayai ndani, na hapo Wandegeya, chini ya kilima cha Makerere, ndiyo chakula cha mwanafunzi).

Reti hizi ni za mfano tu, za leo utaziona kwenye simu yako. Swali la kuuliza kila mara ni hili: nikitoa Sh10,000 mfukoni, huko zinafika ngapi?

3. Mkitembea mji, changeni pamoja

Jumamosi imefika na marafiki watano mnataka kuiona Kampala. Mtapanda mnara wa msikiti mkubwa pale Old Kampala, ambapo mji wote unaonekana, halafu mshuke hadi Old Taxi Park mjionee magari yalivyojaa. Jua kwamba huko "teksi" ni ile unayoiita matatu. Nauli uliza kabla ya kupanda, na boda mkubaliane bei kwanza.

Nauli na vitu vidogo vinataka pesa taslimu. Lakini kutoa pesa Uganda kuna gharama mbili: ada ya kutoa, na kodi ya serikali. Kodi hiyo ilianza Julai 2018 ikiwa asilimia 1, watu wakalalamika, na mwishoni mwa mwaka huo ikashushwa hadi asilimia 0.5 ya pesa unayotoa.

Kila mmoja wenu akienda kwa wakala kutoa 20,000 zake, mnalipa ada ya kutoa mara tano. Mkimtumia mmoja, naye atoe 100,000 mara moja, kodi ni ile ile 500, lakini ada ya kutoa inalipwa mara moja tu. Pigeni hesabu kwanza na ada ya kutumiana, maana kutuma kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kunaweza kugharimu zaidi. Ndiyo sababu, kabla ya kusajili laini ya Uganda, uliza wenzako wengi wako mtandao gani. Na anayeshika mchango awaonyeshe hesabu jioni. Urafiki huharibika kwa vitu vidogo.

4. Kubalianeni neno la siri na nyumbani

Matapeli wanajua mzazi aliye mbali huogopa haraka. Atapigiwa simu: "Mwanao ameshikwa, tuma pesa sasa hivi." Sauti ina kelele, laini ni mbovu, na mama tayari mkono uko kwenye simu.

Kabla hujasafiri, chagueni neno moja la nyumbani, labda jina la ng'ombe au mbwa wenu. Asiyelijua hatumiwi kitu. Mama akate simu, apige ile namba yako anayoijua. Usipopatikana, ampigie rafiki yako wa chumbani, ambaye namba yake umeshamwachia.

Na simu ikiibiwa pale Taxi Park, azima ya rafiki, ufungiwe laini zote mbili, ya Kenya na ya Uganda, kabla ya kufanya kitu kingine. Kisha mwambie mama asitume chochote mpaka akusikie kwa sauti yako.

Kabla ya basi kuondoka

Kaa na mama jioni moja. Mwonyeshe sehemu ya kutuma nje, na umwandikie kwenye karatasi 256 na nafasi ya namba yako mpya, aibandike jikoni. Ukifika na kusajili laini, msomee namba hiyo tarakimu moja moja, naye akusomee. Mkimaliza hapo, nenda ukasome. Safari njema!