Kutafuta na kutuma faili kwa simu: mambo ya kujua kabla bando halijaisha

Msimu wa maombi ya mkopo, chuo au ajira ukifika, steshenari za Kasulu na Kibondo hujaa. Huyu anataka cheti chake kiskaniwe, yule anatafuta tangazo aliloambiwa na rafiki. Anayetoka kijijini hulipa nauli kwanza, kisha hulipa huduma. Wasikilizaji wetu wengi wanatuuliza: je, kazi hizi haziwezi kufanyika kwa simu? Nyingi zinawezekana. Tuzipitie moja moja.

Tuanze na kutafuta. Ukiandika Google neno moja kama "matokeo", utaletewa kila kitu, pamoja na kurasa zinazotaka tu uingie ili zipate pesa ya matangazo. Andika maneno kamili: mtihani gani, mwaka gani, shule gani. Ukitaka maneno yakae pamoja kama ulivyoyaandika, yafunge kwa alama za kunukuu.

Njia nyingine ni kuiambia Google itafute sehemu moja tu. Mkulima wa muhogo anayeona majani na mizizi ya zao lake inaharibika anaweza kuandika hivi: muhogo "michirizi ya kahawia" site:go.tz. Hapo zitakuja kurasa za taasisi za serikali ya Tanzania peke yake. Usiache nafasi baada ya nukta mbili. Ukiongeza filetype:pdf, utaletewa nyaraka za PDF, ambazo unaweza kuzipakua mara moja na kuzisoma baadaye bila bando.

Herufi hizo za go.tz zina maana kubwa. Anwani inayoishia hivyo ni ya taasisi ya serikali. Matokeo ya mitihani ya taifa hutolewa na NECTA kwenye necta.go.tz, na nafasi za kazi serikalini hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira kwenye ajira.go.tz. Matapeli hupenda kutengeneza anwani zinazofanana na hizi, wakaongeza neno au kubadili mwisho wake. Kwa hiyo soma anwani mpaka mwisho. Kumbuka pia kwamba ukurasa unaotokea juu kabisa unaweza kuwa tangazo lililolipiwa.

Sasa tuje kwenye kutuma. Kama mtu unayempelekea faili yuko karibu nawe, usitumie bando. Simu nyingi za Android zina Quick Share, ambayo zamani iliitwa Nearby Share. Washeni Bluetooth na Wi-Fi kwenye simu zote mbili, chagua faili, gusa alama ya kushiriki, kisha chagua jina la simu ya mwenzako. Video kubwa huhama bila intaneti. Kama simu moja haina huduma hiyo, Bluetooth ya kawaida bado inafanya kazi, ila ni ya polepole na inafaa faili ndogo.

Kama aliye upande wa pili yuko mbali, wengi wetu tunatumia WhatsApp. Hapa wengi huumia bila kujua. Picha ya cheti ukiituma kama picha, WhatsApp huipunguza ubora, na maandishi madogo au muhuri huweza kufifia. Gusa alama ya kuambatisha, chagua "Hati", kisha itume hiyo picha kama faili. Itafika kama ilivyo. Tangu 2022, WhatsApp inaruhusu faili moja ya hadi GB 2, ingawa bando lako litakuwa limelia kabla ya hapo!

Maombi mengi huhitaji PDF, tena yenye ukubwa usiozidi kiwango kilichowekwa. Google Drive kwenye Android ina kamera ya kuskani: weka cheti mezani penye mwanga wa kutosha, piga, na itahifadhiwa kama PDF. Akaunti ya Google hupewa nafasi ya GB 15 bure, inayogawanywa kati ya Drive, Gmail na Picha. Faida yake huonekana siku simu inapopotea sokoni au kuingia maji: vyeti vyako bado vipo, mradi unakumbuka barua pepe na nywila yako.

Ukishiriki faili ya Drive kwa linki, angalia umeiruhusu kwa nani. Ukichagua "yeyote aliye na linki", kila atakayetumiwa linki hiyo ataifungua. Cheti cha kuzaliwa au kitambulisho cha NIDA mpe mtu mmoja kwa barua pepe yake, na usikitume kwenye kundi.

Ukilazimika kwenda steshenari, kabla ya kuondoka toka kwenye barua pepe na WhatsApp uliyofungua kwenye kompyuta yao, kisha omba nakala zako zifutwe mbele yako. Hilo si kumkosea heshima mwenye duka. Taarifa hizo ni zako, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

La mwisho ni pesa. Sekretarieti ya Ajira haimtozi mwombaji ili apate kazi. Malipo ya serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo, hayaendi kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Ukipata ujumbe wa kitapeli, usijibu wala usibonyeze linki. Utume kwenda namba 15040 ya TCRA, pamoja na namba iliyokutumia.

Kama kijijini kwako kuna kijana anayejiandaa kuomba chuo, msomee haya. Kama mna simu mbili, jaribuni Quick Share leo jioni, msisubiri siku ya mwisho ya maombi.