Je, Wajua? Ubongo Hutangulia Nia
Mvuvi wa usipa wa Mbamba Bay anapoamua kuchovya kasia ziwani, huenda ubongo wake umeshaanza kazi kabla hajajua kwamba ameamua. Mwaka 1983, Benjamin Libet wa Marekani alipima umeme wa ubongo wa watu waliokunja mkono kila walipojisikia. Umeme ulianza kupanda takriban nusu sekunde kabla ya mkono kusogea. Nia ilihisiwa baadaye, ikiwa imebaki kama moja ya tano ya sekunde tu. Ajabu kweli! Lakini tusikimbilie kusema binadamu hana hiari: Libet aliamini muda huo unatosha kulizuia tendo, na mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake walionyesha kuwa umeme huo huweza kupanda na kushuka wenyewe tu, pasipo uamuzi wowote.