Mangi kafunga duka, mlimani kumenoga

Ukikuta duka la mtaani limepigwa kufuli wiki ya Krismasi, na hakuna hata kikaratasi mlangoni cha kueleza kulikoni, jua Mangi, mwenye duka Mchaga, kapanda kwao Kilimanjaro. Watani wa Wachaga wana maneno yao: eti wamekwenda kuhesabiwa. Utani huo umerudiwa mpaka Wachaga wenyewe wameuchukua, na una ukweli ndani yake. Mlimani mwezi huo asiyeonekana huulizwa kwa jina, na anayetakiwa kujibu ni mama yake.

Safari yenyewe ni sehemu ya sherehe, kwa anayeweza kuivumilia. Kutoka Mbezi hadi Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Same, barabara hujaa mabasi yaliyoongezwa na magari madogo yaliyoinama nyuma kwa mizigo: magunia ya mchele, katoni za soda, godoro la bibi, televisheni iliyofungwa kwa kanga. Treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi, iliyokuwa imesimama kwa miaka zaidi ya 20, ilirejea Desemba 2019. Mwezi usingeweza kuwa mwingine. Abiria walikuwa wanasubiri stesheni tayari.

Ukifika Himo unakata kushoto kupanda Marangu, na hapo ndipo msafiri anapoanza kufunga vioo vya gari. Joto la tambarare linabaki nyuma. Migomba inaanza, kwanza mmoja mmoja, kisha inaziba pande zote mbili za barabara mpaka nyumba hazionekani ila mabati yake. Mgeni wa kutoka nje hupita njia hiyohiyo akiwa amekaza macho juu, kwenye theluji ya kilele cha Kibo. Anawaza mita 5,895, anawaza viatu vyake, anawaza kama kichwa kitamuuma. Anapita katikati ya jiko kubwa kuliko yote ya mlima huo bila kunusa. Kwa maoni yangu, Kilimanjaro tamu inaishia pale geti la hifadhi linapoanzia.

Sehemu hiyo tamu ni ukanda wa vihamba. Kihamba ni shamba linaloizunguka nyumba, lakini ukisema shamba tu mtu wa Morogoro ataona mistari ya mahindi, na hapa hakuna mstari. Juu kabisa kuna mringaringa na mfuruanje vinavyotoa kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na chini ya mibuni magimbi na mboga. Kando ya nyumba kuna banda la ng'ombe asiyetoka kwenda malishoni: majani anakatiwa huko tambarare, na akina mama huyapandisha kichwani au kwa gari la kukodi. Mbolea ya banda inarudi kwenye migomba, na migomba inamrudishia ng'ombe majani na vigogo. Maji huletwa na mifereji ya kuchimbwa kwa mkono iliyokinga vijito kutoka msituni, na kila familia ina zamu yake ya kufungulia. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliuweka mfumo huu, kwa mfano wa kijiji cha Shimbwe Juu, kwenye orodha ya urithi wa kilimo duniani. Wazee wa Shimbwe hawakuhitaji kuambiwa, lakini cheti hakikuwaudhi.

Sasa tuje mezani. Asubuhi ya kwanza nyumbani ni mtori, na mtori haupikwi kwa haraka. Nyama ya ng'ombe yenye mifupa hutangulia jikoni mpaka iachane na mfupa yenyewe. Ndizi ni mshare, zile nyembamba zenye kupinda kidogo, nazo humenywa na watu watatu wanne wamekaa kwenye vigoda, mikono imepakwa mafuta ili utomvu usigande. Mazungumzo yote muhimu ya mwaka hufanyika hapo: nani kaposwa, nani kafukuzwa kazi, nani kajenga Kibaha na hajasema. Ndizi huingia kwenye mchuzi, zikiiva hupondwa kwa mwiko mpaka sufuria yote iwe uji mzito, kisha kipande cha siagi au kikombe cha maziwa. Siku hizi wako wanaotia karoti na pilipili hoho. Mama mkwe huangalia karoti hiyo, anakaa kimya, na kila mtu anajua maana ya kimya hicho. Mtori ndio chakula cha mzazi. Mwanamke aliyejifungua hunyweshwa mpaka auchukie. Desemba basi wote tunapewa heshima ya wazazi.

Machalari, ndizi zilizopikwa na nyama bila kupondwa, ni ya mchana wa wageni. Kiburu, ndizi na maharage vilivyotiwa magadi, ni chakula cha siku za kazi, na ndicho anachokililia kijana aliyekaa Dar miezi kumi na mmoja akila wali. Kina rangi isiyovutia, sitaki kudanganya. Lakini kikipoa kidogo na kuwekewa bakuli la maziwa mgando pembeni, watu hunyamaza wakala. Halafu kuna kisusio, supu ya mbuzi iliyotiwa damu yake, ambayo hutoka mapema siku ya kuchinja, kabla nyama yenyewe haijaiva. Huyo anayesema haili, mwache. Kuna foleni nyuma yake.

Kuchinja ni shughuli ya wanaume na ni ya kelele. Mbuzi au ng'ombe akishaanguka, kinachofuata ni ugawaji, na hapo ndipo mgeni anapaswa kukaa chonjo. Kila kiungo kina mwenyewe. Kuna kipande cha baba, cha mama, cha mjomba, cha mkwe, cha aliyemshika mnyama miguu. Ukimpa mkwe kipande kisicho chake, habari itamfikia hata aliyeko Mwanza. Kwenye harusi mbuzi huchomwa mzima, ndiyo ndafu, akaletwa ukumbini amesimama kwa miguu yake minne na majani mdomoni, maharusi wakamkata kama wenzao wanavyokata keki. Harusi hizo zinajazana kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, pamoja na ubarikio na ubatizo, kwa sababu rahisi kabisa: ndiyo wiki pekee ambayo ukoo wote uko mahali pamoja na pesa haijaisha.

Na mbege. Wanaoandika kuhusu mlima huu humaliza mbege kwa sentensi moja, pombe ya ndizi, basi. Hiyo ni dharau. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi mpaka zigeuke rangi ya udongo, zikaachwa zichachuke siku kadhaa. Ulezi huoteshwa, ukakaushwa, ukasagwa kuwa kimea, ukapikwa uji. Kwenye uji huo huingia gome la msesewe, lenye uchungu wa dawa. Halafu ndizi zilizochujwa na uji vinakutana, na kesho yake kinywaji kiko tayari, juu kina povu na punje za ulezi zinazoelea. Utamu unatangulia, ukali unafuata, uchungu wa msesewe unabaki kooni. Mpishi akizidisha gome, wanywaji watalikumbuka jina lake kwa ubaya. Hainywewi hovyo. Kata hupita kwa umri, na mdogo akipokea hupokea kwa mikono miwili.

"Babu, karibu."

"Onja wewe kwanza, tuone kama haijatiwa kitu."

Hiyo nayo ni desturi: aliyekukaribisha huonja kwanza mbele yako. Vijana wengi sasa wanapendelea bia ya chupa, na kreti zimekuwa kipimo cha nani mwaka huu amefanikiwa. Sina ugomvi na bia. Ila bia haihitaji mtu abaki nyumbani kuotesha ulezi.

Baada ya kushiba watu hutembea. Mlimani hakuna anayesema anakwenda kufanya matembezi ya afya. Anasema anakwenda kumsalimu shangazi, na shangazi yuko ng'ambo ya korongo. Unashuka mpaka kijito, unapita daraja la magogo, unapanda mpaka mapaja yawake moto, na njiani umesalimiana na nusu ya kata. Watoto waliozaliwa mjini hupelekwa kuoga kwenye maporomoko, Kinukamori kwa wa Marangu, Materuni kwa walioko upande wa Uru. Materuni sasa ina wageni wengi, na vijana wa kijiji wamebuni njia nzuri ya kuwapokea: wanakaanga kahawa mbele yao, wanaitwanga kwenye kinu kwa kuimba, na kila mtu anakunywa alichokitwanga. Ni biashara, lakini ni ya kweli kuliko nyingi. Kahawa hiyohiyo ndiyo iliyojenga shule za mlima huu kupitia Chama cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, kilichoanzishwa mwaka 1933.

Asiyeridhika na makorongo anaweza kuingia geti la Marangu asubuhi, akatembea msituni hadi Kituo cha Mandara na kurudi jioni. Mbega weusi kwa weupe watakuwa juu ya matawi, na mbele kidogo ya Mandara kuna kasoko ya Maundi, ambako siku isiyo na ukungu unakiona vizuri kilele cha Mawenzi, kimechanikachanika. Wazee wana maelezo yake: Mawenzi alikuwa mvivu, kila mara akienda kuomba moto kwa Kibo, mpaka Kibo akachoka akampiga kwa mchi. Njiani utapishana na wagumu, vijana wanaobeba mizigo ya wageni kichwani na mgongoni, wengi wao wa vijiji hivihivi. Wao Krismasi yao iko kambini, maana Desemba ni msimu. Nyumbani sahani zao hufunikwa.

Aliyekosa Desemba ana nafasi nyingine mwishoni mwa Februari, wiki ya Kilimanjaro Marathon. Moshi mjini hujaa, mahoteli hayana chumba, na wakimbiaji wa kilomita 42 hugundua katika nusu ya pili kwamba barabara ya Mweka inapanda tu. Wenyeji hukaa kando ya barabara na kuwashangilia wote, hata wanaotembea. Baada ya hapo masika inakaribia, njia zinakuwa tope, na mlima unajificha wiki nzima.

Lakini turudi Desemba, kwa sababu kuna siku moja isiyo na muziki. Kwa kawaida hupangwa baada ya Krismasi, kabla watu hawajaanza kuangalia tiketi. Makaburi yaliyo kihambani, chini ya migomba, yameshapaliwa na kupanguswa vigae. Viti vya plastiki vinapangwa uani, mzee anafungua kwa sala, na kikao cha ukoo kinaanza. Kwanza michango: nani katoa, nani kaahidi. Kisha ugomvi. Ndugu wawili wasiosemeshana tangu msiba wa mwaka juzi wanaletwa mbele, na mmoja ameshika jani la sale. Jani hilo likiletwa, msamaha haukataliwi. Nimeona mtu akilipokea huku uso wake ukisema kinyume, lakini alilipokea, na jioni walikula sinia moja.

Ajenda ngumu huachwa mwisho. Kihamba cha wazazi kwa desturi kilikuwa cha kitinda mimba, anayebaki nao. Kitinda mimba yuko Dodoma, ameajiriwa. Mkubwa ana eneo lake na nyumba ya ghorofa inayofunguliwa Desemba tu. Dada yao, ambaye ndiye aliyemuuguza baba, sasa anauliza waziwazi kwa nini jina lake halitajwi, na zamani asingeuliza. Mfereji wa juu umeziba, mibuni imezeeka, kijana wa kukata majani anataka nyongeza, na mama amesema hahami kwenda mjini kukaa ndani ya geti kama kuku. Mmoja anapendekeza wang'oe kahawa wapande parachichi. Mwingine anauliza nani atamwagilia. Wanabishana saa mbili, wanakubaliana kuchanga fedha za kijana na za kuzibua mfereji, na suala la nani atarithi linaandikwa kwenye daftari: litajadiliwa Desemba ijayo. Kisha katibu anafunga daftari, na wanawake wanauliza nani anataka machalari na nani anataka wali.