Folda Tunayoikuta Tuingiapo Katika Seva ya Mbali

Wanafunzi wengi huhifadhi tasnifu zao katika seva, nao huzifikia kwa mtandao wakiwa mbali. Baadhi yao hudhani kwamba wakiingia tena watajikuta katika folda ile ile waliyoiacha jana. Sivyo ilivyo.

Katika FTP, ambayo kanuni zake ziliandikwa na Jon Postel na Joyce Reynolds mwaka 1985, na katika SFTP, ambayo husimba maneno ya siri yawapo njiani, seva ndiyo huchagua folda ya kuanzia. Kwa kawaida ni folda ya nyumbani ya mtumiaji, na kila kikao huanzia hapo. Jina la faili lisilotanguliwa na alama ya mkwaju (/) hutafutwa katika folda uliyomo wakati huo.

Hapa ndipo penye hatari. Kanuni za mwaka 1985 zaagiza kwamba faili linalotumwa likikuta jingine lenye jina lilo hilo, yaliyomo katika lile la kwanza yabadilishwe. Hivyo rasimu ya zamani, ikitumwa mahali pasipokusudiwa, yaweza kuifuta sura iliyokwisha kusahihishwa, wala mwandishi asijue.

Basi, kabla ya kutuma, hatuna budi kuandika amri ya pwd, nayo seva itataja folda tuliyomo. Katika SFTP, amri ya lpwd hutaja folda ya kompyuta iliyo mbele yetu. Ni kazi ya nukta chache, nayo huokoa jasho la miezi.