Kuchuja kwanza, kuchemsha baadaye: hesabu ya chumvi ya Uvinza

MFANYABIASHARA anayetaka kununua mtambo wa kuondoa chumvi katika maji ya bahari au ya kisima huulizia kwanza bei ya mtambo. Swali linalopasa kutangulia ni jingine: maji yatasafishwaje kabla ya kuingia humo? Huku magharibi mwa Tanzania, kwenye njia ya misafara ya Tabora hadi Ujiji, swali hilo lilijibiwa zamani, bila mtambo wowote.

Uvinza, karibu na mahali mto Ruchugi unapoingia Malagarasi, kuna chemchemi za maji ya chumvi. Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyepita mwaka 1874, alieleza kazi ilivyofanyika. Tope lenye chumvi lilitiwa katika chombo chenye tundu chini, tundu likazibwa kwa nyuzi za magome ya mti, kisha likamiminiwa maji ya moto. Chini yake vilipangwa vyombo vingine vyenye nyuzi kama hizo. Maji yalichuja kutoka kimoja hadi kingine mpaka yakatoka karibu maangavu, ndipo yakachemshwa. Chumvi isiporidhisha, iliyeyushwa na kuchujwa upya. Cameron aliiona kuwa bora kuliko zote alizokutana nazo Afrika, na soko lake lilifika Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Kwa nini kuhangaika hivyo? Kuni. Kukausha lita moja ya maji kwenye mafiga hula takriban kilo moja ya kuni kavu. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa kila kilo, hivyo kilo ya chumvi hudai kukausha lita 27 au 28. Maji yaliyoshiba chumvi hudai chini ya lita tatu. Aliyechemsha maji ya tope alichoma kuni zile zile akapata chumvi ya kahawia, ya bei ya chini. Magome yalipatikana porini.

Katika mitambo mingi ya leo, maji husukumwa kwa pampu kupitia utando laini mno, na gharama ya kuni imehamia hapo. Tope huziba utando, pampu hula umeme zaidi, na mwenye mtambo hununua utando mwingine kabla ya wakati. Kinga yake ni rahisi: tangi la kutuamishia maji, shabu, na pipa la mchanga na kokoto. Maji yenye madini ya chuma humwagwa kwanza kutoka juu yapate hewa, kutu ijitenge, kisha yapite mchangani.

Mbegu za mlonge zilizotwangwa nazo hukamata tope. Zilijaribiwa Thyolo, Malawi, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Lakini huacha mabaki ambayo vijidudu huyala, kwa hiyo kwa mtambo wa utando mwandishi huyu angechagua shabu, tena kwa kipimo, maana ikizidi nayo huganda kwenye utando.

Kosa la gharama zaidi ni klorini. Huua vijidudu, lakini pia huharibu aina ya utando inayotumika zaidi. Maji yaliyotiwa klorini yapitishwe kwanza kwenye mkaa maalumu wa kuchujia, si ule wa gunia wa jikoni.

Kabla ya kulipa, pima maji yako, kisha mtake muuzaji aandike kwenye dhamana kiwango cha tope ambacho utando wake unastahimili, pamoja na bei ya utando wa akiba.